Golf GTI haivuti, fundi anasema turbo imekufa. Nisaidieni kabla sijatoa milioni mbili na nusu

Kibiriti Ngoma (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Nina Golf GTI kizazi cha tano, ya 2007, injini 2.0 TFSI yenye kodi BWA, gia ni DSG (otomatiki) ya hatua sita. Niliiagiza Japani miaka mitatu iliyopita na haijawahi kunisumbua zaidi ya koili moja. Mpaka juzi.

Nilikuwa nawapeleka wazazi Mafinga. Hadi Mikumi gari iko poa, au labda sikuijaribu. Tulivyomaliza Kitonga nikataka kulipita lori la Zambia, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Gia ikashuka, injini ikanguruma, mshale wa mizunguko ukapanda, mwendo hauongezeki. Yaani kama mtu anayekimbia ndotoni. Nikarudi zangu nyuma ya lori. Dakika haikuisha, Noah (Noah wakuu!) yenye magunia juu ya keria ikanipita mimi pamoja na lori. Mama yuko kiti cha nyuma akauliza, "Hii ndiyo ile uliyosema ina mbio?"

Nikajipa moyo kwamba ni milima. Nimerudi Dar, kero ni ile ile, na taa ya injini imewaka. Fundi kapachika mashine, ikatoa kodi ya hitilafu P0299. Akabadilisha plagi zote 4, akasafisha sensa ya hewa kwa petroli na mswaki, wapi. Sasa anasema turbo imekufa, anayo moja ya mtumba kwa milioni mbili na nusu, kufunga ni juu yake.

Ikiwa sailensi (injini inawaka, sijakanyaga mafuta) imetulia vizuri, haimisi. Haitoi moshi wa bluu. Oili haipungui kwa namna ya kutisha. Nikienda mwendo wa kawaida mjini huwezi kujua kama inaumwa. Ni ukiidai nguvu tu ndiyo inakukana.

---

Mla Kachori

Mkuu pole. Uza nunua IST, ulale usingizi.

---

Dada wa Kimanga

Mla Kachori kila uzi wa gari la Mjerumani lazima upite na hiyo IST yako 😂

Mwanzisha uzi, huyo fundi wa mswaki mkimbie. Sensa ya hewa ya hilo gari ina kijiwaya na kibati chembamba kuliko kucha. Inasafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, inaachwa ikauke yenyewe, haiguswi na kitu. Mswaki ni wa meno.

---

Spana Kumi

Usinunue kitu chochote kwanza.

P0299 haisemi turbo imekufa. Inasema kontroboksi (kompyuta ya injini) iliomba presha kiasi fulani, sensa ikaona ndogo kuliko hiyo. Basi. Ni sawa na mama kukuta sukari imepungua koponi: anajua imepungua, hajui nani kaila. Fundi wako amekamata mtoto wa kwanza aliyemwona.

Twende taratibu, tufuate hewa inavyosafiri, maana ukiijua njia yake nusu ya kazi imekwisha. Kwenye GTI hiyo filta ya hewa iko ndani ya kile kifuniko cheusi cha juu ya injini. Hewa ikitoka hapo inapita kwenye sensa ya hewa, ile ya mswaki, ambayo inaipima kwa gramu kwa sekunde. Kisha inashuka na mpira mpaka turbo, ambayo imejificha nyuma ya injini upande wa dereva na abiria. Turbo inaisukuma mbele kupitia mabomba mpaka intakula kule kwenye bampa ipoe, inapanda tena mpaka throto (kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta), inaingia menifoldi, halafu valvu.

Sasa sikiliza, hapa ndipo watu wanapopotea. Tundu likiwa kati ya sensa ya hewa na turbo, pale ni sehemu ya kunyonya. Hewa inaingia bila kupimwa, na vumbi likiwa limo. Kontroboksi linadhani hewa ni kidogo, linatoa mafuta kidogo, sensa ya oksijeni inalalamika, unaona inaongeza mafuta kufidia. Tundu likiwa kati ya turbo na throto, mambo yanageuka: hewa imeshapimwa, halafu inamwagika nje. Mafuta yanakuja ya hewa ambayo haipo, gari linakuwa zito na ekzosi inajaa masizi. Likiwa baada ya throto, kwenye menifoldi, ndiyo utaona sailensi inapanda na kushuka, kwa sababu pale injini ikiwa haina kazi panavuta kama bomba la sindano.

Wewe umesema sailensi imetulia. Kwa hiyo menifoldi naiweka pembeni kwa sasa.

Tafuta mtu mwenye VCDS (programu ya kusoma kompyuta za magari ya Volkswagen) akuchukulie logi, siyo kusoma kodi na kufuta. Nataka hivi: swichi imewashwa injini haijawaka, presha inasoma ngapi. Sailensi, sensa ya hewa inasoma gramu ngapi, na kundi la 032 (marekebisho ya mafuta) linasema nini. Halafu alfajiri, barabara tupu, gia ya tatu kwa mkono, mzunguko 2,000 mpaka 5,500 mafuta chini moja kwa moja, na makundi ya 003, 115, 118 na 020. Mtu mwingine ashike kompyuta. Wewe shika usukani.

---

Msafiri Ruaka

Sasa wadau. Niko Nairobi na niko na gari kama hiyo, kizazi cha tano pia. Niongeze kitu kidogo juu ya hiyo story ya milima.

Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mimi nikiwasha swichi bila kustarti, sensa ya presha inasoma kama milibari 825. Nyinyi wa Dar na Mombasa mtasoma 1,010 hivi. Gari isiyo na turbo huku inapoteza nguvu hata kabla uiguse, hewa yenyewe ni nyepesi. Lakini hii ya turbo inaomba presha kamili, haihesabu kutoka ile ya nje. Inazungusha turbo kwa bidii zaidi ndiyo ifike kwa ile namba. Kwa hivyo gari ikiwa na kauvujaji kadogo, Dar inaweza kuficha, ukipanda juu inaanikwa. Pengine yako ilianza kuvuja kitambo na Kitonga ndiyo ilikushtaki tu.

Na makanika wengi hapa pia ni hivyo hivyo. Kodi ikisema turbo, anauza turbo.

---

Kibiriti Ngoma

Msafiri, hapo umenigusa. Maana nikikumbuka vizuri, hata Dar kuna siku niliona inachelewa kuamka, nikalaumu mafuta ya kituo.

Spana Kumi nimempata kijana ana VCDS, tumetoka saa kumi na moja alfajiri. Majibu haya:

Swichi imewashwa, injini haijawaka: 1,010.
Sailensi: sensa ya hewa gramu 3.1. Kundi la 032 linasema asilimia 0.4 na minus 5.1.
Gia ya tatu, mzunguko 3,000: iliyoombwa 1,790, iliyopatikana 1,360.
Mzunguko 5,500: gramu 112 kwa sekunde.
Kundi la 118, ile asilimia ya N75: 95, imeng'ang'ania hapo muda wote.
Kundi la 020: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.

Hiyo N75 ndiyo nini?

---

Spana Kumi

Safi sana. Umenipa zaidi ya alichokupa fundi wako kwa wiki nzima.

N75 ni valvu ndogo ya umeme inayoamua geti la turbo (kijimlango kinachopunguza presha kikifunguka) lifunguke lini. Asilimia 95 maana yake kontroboksi linapiga kelele "funga geti, nipe presha yote uliyonayo!" na bado haipati. Kwa hiyo kontroboksi halijaibana turbo kwa makusudi. Kundi la 020 likiwa sifuri kote, injini haigongi, kwa hiyo wala halijapunguza moto kwa ajili ya mafuta mabovu. Kile kituo ulichokilaumu kiombe radhi.

Gramu 3.1 sailensi ni kawaida kabisa, maana yake sensa imeponea mswaki. Gramu 112 ndizo zinazotia huruma. Kuna hesabu ya kijiweni, zidisha gramu kwa 1.25 unapata makadirio ya nguvu za farasi. 112 inakupa 140. Gari lako lilitoka kiwandani na farasi 200. Umeacha farasi 60 njiani, Noah ikawaokota.

Minus 5 ya kundi la 032 inanipa kidokezo kidogo. Inapunguza mafuta, si kuongeza. Kwa hiyo sidhani kama kuna tundu upande wa kunyonya. Tafuta upande wa kusukuma.

---

Fundi Tochi

Mkuu Spana naomba nipingane kidogo. 1,360 ukitoa 1,010 ni 350. Hiyo inakaribia sana presha ya springi ya geti peke yake, yaani turbo inayofanya kazi bila N75 kabisa. Mimi nimekutana nayo: kontroboksi linasema 95 lakini valvu yenyewe imekufa, au kimpira chembamba kinachotoka N75 kwenda kwenye geti kimechomwa na joto au kimeunganishwa kinyume. Kijana wa VCDS afanye jaribio la vifaa, asikilize kama N75 inagonga tik tik. Ni dakika tano.

---

Kibiriti Ngoma

Tumefanya. Inagonga tik tik tik kama saa ya ukutani. Kimpira chake tumekitoa, kizima, hakina ufa, kimeunganishwa sawa. Tumepuliza geti kwa pampu ya mkono, mkono wa geti unasogea na kurudi bila kukwama.

---

Fundi Tochi

Basi najiondoa kwa heshima. Jaribuni presha ya mabomba.

---

Abu Matrah

Assalaam aleikum jamaa. Mie niko Maskati, nna GTI pia, na mwezi wa saba huku joto la nje lapita 45. Gari langu lilikuwa jepesi asubuhi, mchana likawa zito kama ngamia kashiba. Kumbe si turbo wala bomba. Kundi la 118 lina joto la hewa inayoingia, langu lilikuwa lapita 60 nikiwa foleni. Hewa ya moto ni nyepesi, na kompyuta huogopa, hurudisha moto nyuma. Nilikuta matundu ya intakula yamezibwa na mchanga na wadudu. Nimeyaosha kwa maji ya polepole, si kwa ile mashine ya kuoshea magari maana hukunja mapezi.

Kaka hebu tizama na yako ilisoma nyuzi ngapi.

---

Kibiriti Ngoma

Waaleikum salaam Abu Matrah. Ilisoma 38 alfajiri ile, ikapanda mpaka 44 nilivyokanyaga. Nadhani haiko huko. Lakini nimechungulia intakula, ina vumbi la Dodoma la mwaka juzi, nitaiosha.

---

Spana Kumi

38 mpaka 44 ni nzuri. Haya, kazi ya Jumamosi. Hii haihitaji gereji kubwa, inahitaji rafiki mwenye subira.

Nunua kipande cha bomba la plastiki la maji linaloingia kwenye ule mpira mkubwa unaotoka kwenye sensa ya hewa kwenda turbo. Upande mmoja uzibe kwa kifuniko chake na gundi, utoboe tundu, ufunge valvu ya tairi isiyo na tyubu. Chomoa kifuniko cha injini chenye filta, ingiza hilo bomba kwenye mpira, kaza klampu. Nenda kwa fundi pancha, au mwite yeye aje na kompresa. Jaza hewa taratibu, geji isipite PSI 10. Sisemi hivyo kukuogopesha. Ukizidisha unaweza kusukuma sili za injini nje, na hapo utakuwa umejitengenezea tatizo la pili kwa mikono yako.

Hewa kidogo itapita ndani ya injini kwenye valvu zilizo wazi, utaisikia ikipumua kwenye tundu la dipstiki. Hiyo iache. Wewe chukua maji ya sabuni kwenye chupa ya kupuliza, pita kila maungio. Kwenye hilo gari mabomba mengi hayakazwi kwa klampu, yana klipu ya waya na oringi ndani. Klipu ikikaa vibaya utadhani imefunga kumbe imeegesha.

---

Dada wa Kimanga

Na angalia panya! Mimi yangu ilitafunwa mpira wa hewa, nikakuta na ganda la karanga kwenye sahani ya betri. Amekaa pale anakula kama yuko baa.

---

Kibiriti Ngoma

Wakuu NIMEPATA!

Tumejaza hewa mpaka PSI 8. Mwanzoni kimya. Kijana wangu akalala chini ya bampa na chupa ya sabuni, akapuliza pale bomba linapoingia kwenye intakula upande wa kulia, mara povu likaanza kuumuka kama la ulanzi. Tumechomoa klipu, oringi ya ndani imekuwa bapa na ngumu, ukiikunja inavunjika kama biskuti. Kuzunguka pale kote kuna utando wa oili na vumbi lililogandamana, yaani ilikuwa inavuja muda mrefu.

Nimenunua oringi mpya, nimepaka mafuta kidogo, klipu imeingia ikalia "tak." Tumejaza hewa tena: kavu kila mahali. Kesho alfajiri naenda kujaribu. Spana Kumi nakudai soda, maana wewe ndiye umeniokolea milioni mbili na nusu.

---

Mla Kachori

Hongera. IST haina intakula lakini hongera.

---

Kibiriti Ngoma

Wakuu nimerudi na aibu.

Iliyoombwa 1,790, iliyopatikana 1,430. Gramu 119. N75 bado 95. Minus 5 imerudi mpaka minus 1, kwa hiyo oringi kweli ilikuwa mbovu. Masizi kwenye ekzosi yamepungua. Lakini gari bado haivuti. Zimerudi farasi tisa tu, tena labda nane.

Fundi wa mswaki amenipigia simu kuniuliza kama ile turbo naichukua au amuuzie mtu mwingine. Kwa kweli nimebaki kimya. Mabomba hayavuji, N75 nzima, geti zima, mafuta mazuri. Kilichobaki ni nini kama si turbo?

---

Fundi Tochi

Kwa hapo hata mimi ningefikiria turbo. Shika kile kifeni cha turbo kwa vidole, kitikise. Kikigusa ukuta wa nyumba yake, au meno yakiwa yamelika, imekwisha.

---

Kibiriti Ngoma

Nimeshatikisa. Kinacheza kidogo sana pembeni, mbele na nyuma hakichezi kabisa. Meno yote yapo, makali.

---

Spana Kumi

Subiri. Usimjibu huyo fundi.

Nimelala na hili tatizo, na kosa ni langu. Lile jaribio la hewa nililokupa lina upofu mmoja ambao sikuutaja.

Kwenye nyumba ya turbo kuna valvu nyingine, tofauti na N75. Kazi yake ni hii: ukiachia mafuta ghafla, throto inafunga na hewa iliyosukumwa haina pa kwenda, kwa hiyo hiyo valvu inafunguka na kuirudisha hewa upande wa kunyonya wa turbo, izunguke. Sisi tunaiita valvu ya kurudishia. Ukiwa unakanyaga inatakiwa ifunge kabisa. Ile ya zamani iliyokuja na magari haya ina kiwambo cha mpira mwembamba. Kiwambo kikichanika, valvu haifungi tena. Turbo inasukuma hewa mbele, sehemu yake inapenya kwenye ufa inarudi nyuma kuingia turbo tena, inasukumwa tena, inarudi tena. Turbo inafanya kazi kama punda wa kinu na hakuna kinachofika.

Sasa ona uzuri wake, au ubaya wake. Hewa hiyo haijamwagika nje, kwa hiyo hakuna mlio wala oili bombani. Imerudi mahali ambapo sensa ya hewa imeshapita, kwa hiyo hesabu ya mafuta iko sawa, ndiyo maana 032 yako imekaa vizuri baada ya kurekebisha oringi. Na wewe ulipojaza hewa kutoka kwenye mpira wa kunyonya, ulijaza pande zote mbili za hiyo valvu kwa presha moja. Hakuna tofauti, hakuna povu. Unaweza kupuliza sabuni mpaka Pasaka. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tunapekua nguo za jirani.

Inua gari kwa jeki, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Injini iwe imepoa, maana pale kuna ekzosi inayounguza. Kutoka chini, kwenye nyumba ya turbo, utaona kidude cheusi cha mviringo chenye soketi ya umeme, bolti tatu za kufungua kwa spana ya alenki. Chomoa soketi, fungua. Angalia mpira wake kwa mwanga wa jua, siyo tochi, na uukunje kidogo kwa kidole. Ufa mwingine haujionyeshi mpaka ukunjwe.

---

Msafiri Ruaka

Wueh. Sasa mimi nikitoka hapa naenda chini ya yangu pia.

---

Kibiriti Ngoma

Saa nane mchana, jua la utosi, niko chini ya gari na shati limeloa. Bolti mbili zimekuja bila ubishi, ya tatu imenichukua nusu saa maana mkono haukunjiki kule. Imedondoka, ikapiga paji la uso.

Mwanzoni niliona nzima. Mpira mweusi, mviringo, safi. Nikakata tamaa. Nikakumbuka ulivyosema nikunje. Nimeweka kidole gumba katikati nikasukuma, upande mmoja ukafunguka mdomo. Ufa mrefu kama nusu ya duara, pembeni kabisa pale mpira unapokutana na plastiki. Ukiuachia unajifunga, huoni kitu. Ukisukuma unacheka. Nimeushika juani na nimeona mwanga umepita, mstari mwembamba mwekundu wa kidole changu upande wa pili.

Mke wangu kaja kuniangalia, kauliza, "Ndiyo hicho tu?" Nikamwambia ndiyo hicho tu. Hakiwezi kujaza kiganja.

---

Dada wa Kimanga

😂😂 Kuna watu wametoa milioni mbili kwa hicho kiganja. Nunua mpya ya kweli, siyo ya kopi ya elfu thelathini. Nilifunga kopi ikakaa miezi miwili.

---

Kibiriti Ngoma

Imefungwa. Laki na themanini kwa muuza vipuri wa uhakika, toleo jipya. Alfajiri ya leo, barabara ile ile, kijana yule yule, gia ya tatu:

Mzunguko 3,000: iliyoombwa 1,790, iliyopatikana 1,780.
N75 imeshuka, inacheza kati ya 40 na 60, haipigi kelele tena.
Mzunguko 5,500: gramu 161.

Kijana wa VCDS alikuwa ameshika kompyuta magotini, ilimrukia kifuani. Nimefuta kodi, P0299 haijarudi.

---

Spana Kumi

161 mara 1.25 ni 201. Farasi wote wamerudi zizini.

Uliona N75 ilivyoshuka? Watu wanaitazama presha tu, lakini kwangu hiyo asilimia ndiyo shahidi. Presha inaweza kufika huku turbo inavuja jasho. Ikifika na N75 ikiwa nusu, ujue inafika kwa raha. Weka hiyo logi, mwakani ukichukua nyingine ulinganishe.

---

Bwana Mdogo Mbeya

Wakuu samahani kwa kuingilia. Mimi nina kizazi cha sita, injini ya TSI, inatoa P2015. Haivuti chini, juu iko sawa. Nami niangalie hiyo valvu?

---

Spana Kumi

Hapana mdogo wangu, yako ni nyingine kabisa. P2015 ni sensa inayosema vile vipepeo vya ndani ya menifoldi vimekaa wapi. Kwenye injini yako mkono wa plastiki unaoendesha vipepeo unalika, sensa inasoma uongo. Mara nyingi menifoldi yote inabadilishwa, na kuna vibanio vya bati ambavyo watu huweka kama dawa ya muda. Wakiitoa hiyo menifoldi waambie waangalie na valvu za hewa. Injini hizi zinamwaga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hayapiti juu ya valvu kuziosha, kwa hiyo zinaota masizi magumu kama ukoko wa wali. Yanasafishwa kwa kupuliza unga wa maganda ya jozi. Menifoldi ikiwa nje ni kazi ya ziada kidogo tu, ikirudi ndani ni kazi ya kuanza upya.

---

Fundi Tochi

Kibiriti umewaambia wazazi?

---

Kibiriti Ngoma

Nimempigia mama, nikamweleza habari ya kiwambo kilichochanika na hewa iliyokuwa inazunguka mle mle. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama Noah ni bei gani.

---

Spana Kumi

😂 Mama ana hoja.

Kabla hujaondoka kwenye uzi, swali moja. Hiyo ni BWA. Umewahi kufungua pampu ya mafuta ya presha kubwa ukakagua kile kikombe kinachokaa kati yake na kemshafti?

---

Kibiriti Ngoma

Kikombe gani tena mkuu?

---

Spana Kumi

Usiendeshe kwa fujo mpaka tuzungumze. Fungua uzi mwingine.